Princeton, Brown ama Hopkins? Ndoto ya Udaktari Marekani Ina Hesabu Zake

Tuseme mambo yamekuendea fiti. KCSE ilikubali, SAT ukaipiga, insha ukaandika hadi macho yakauma, na mwisho wa Machi barua zikaingia: vyuo vitatu vikubwa vya Marekani vinakutaka, na ufadhili juu. Shangazi ameshaanza kukuita daktari kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Una hadi tarehe 1 Mei kuchagua, na mtaani kila mtu anajua jibu: enda kwenye jina kubwa. Tulia kwanza.

Huku kwetu ukiitwa UoN kusomea udaktari, umeitwa kusomea udaktari. Miaka 6, unatoka, unaenda internshipu. Kule sivyo. Unafanya digrii ya kwanza miaka 4, kisha unaomba upya, kama mtu mgeni kabisa, kuingia shule ya udaktari kwa miaka 4 mingine. Baada ya hapo kuna residensi, miaka 3 hadi 7 kutegemea unataka kuwa daktari wa nini. Hiyo "pre-med" unayoiandika kwenye bayo ya Instagram katika vyuo vingi si kozi. Unaweza kusomea historia ama muziki, mradi umepita bayolojia, kemia, kemia ogani, fisikia na maabara zake, kisha ufanye mtihani wa MCAT ambao alama zake huanzia 472 hadi 528.

Kwa hivyo unachochagua leo ni mahali pa kutengenezea alama. Kila mwaka watu zaidi ya 50,000 huomba nafasi katika shule za udaktari za Marekani, na wanaoingia ni kama 4 kati ya 10. GPA yako ni kati ya vitu vya kwanza watakavyoangalia.

Na hapo ndipo jina kubwa linaweza kukugeuka. Princeton, kati ya 2004 na 2014, ilikuwa na sera kwamba alama za A zisizidi asilimia 35 katika kila idara. Fikiria umetoka shule ambako ulikuwa nambari moja tangu Form One, sasa umekaa kwenye darasa la watu ambao wote walikuwa nambari moja, halafu A zimehesabiwa. Sera yenyewe iliondolewa, lakini ukipata nafasi ya kuongea na mwanafunzi wa pale, muulize alama zikoje siku hizi kabla hujamuuliza kuhusu chakula.

Brown nao wako upande mwingine kabisa. Hawana D, hawana jumlisha wala toa kwenye herufi, na ukianguka somo halionekani kwenye ripoti inayotoka nje. Tamu, sivyo? Ila usichukue masomo ya sayansi kwa mfumo wa kupita ama kutopita, kwa sababu shule nyingi za udaktari zinataka kuona herufi. Brown pia wana programu ya miaka 8, PLME, inayokukubali chuoni na shule ya udaktari kwa mpigo mmoja, bila MCAT. Lakini hiyo huombwa wakati uleule unapoomba chuo. Kama hukuomba, sahau.

Kama unadhani kemia ogani ni kelele tu za watu wavivu, tafuta kisa cha NYU mwaka 2022. Profesa Maitland Jones Jr., mtu aliyefundisha Princeton miaka mingi na kuandika kitabu cha somo hilo, alishtakiwa kwa barua iliyotiwa saini na wanafunzi 82 kati ya 350 wakisema alama ziko chini mno. Hawakuomba afutwe, lakini chuo kilimwachisha kazi. Wasee wakabishana mwezi mzima nani alikosea. Mimi nilichosoma pale ni hofu: somo moja, na vijana wanaona ndoto yote inateleza.

Jambo jingine, usichanganye chuo na shule ya udaktari yenye jina hilohilo. Mwaka 2024 Michael Bloomberg alipotoa dola bilioni 1 kwa Johns Hopkins ili familia nyingi zisilipe karo ya udaktari, habari ilizunguka kama vile ukiingia Hopkins umemaliza kazi. Kusoma digrii ya kwanza pale hakukupi tiketi ya shule yao ya udaktari. Princeton na MIT hata hazina shule zao za udaktari.

Sasa ile sehemu ambayo vijitabu vyao vyenye picha nzuri huipita mbio. Wewe ni Mkenya mwenye viza ya mwanafunzi. Shule nyingi za udaktari Marekani hazichukui kabisa mtu asiye raia ama mkaazi wa kudumu. Baadhi ya zinazochukua hukutaka uweke pesa za karo ya miaka kadhaa kwenye akaunti maalum kabla hujaanza. Mikopo ya serikali yao si yako. Na ule ufadhili mnono wa Harvard, Yale, Amherst ama Dartmouth, ambao hupimwa kwa uwezo wa mzazi wako, awe anauza mitumba ama ana kampuni, ni wa miaka 4 ya kwanza. Ukiisha, umeisha.

Sikwambii ubaki nyumbani. Hapa nako si mteremko: madaktari waligoma 2024, na sehemu ya ugomvi ilikuwa serikali kutaka kuwalipa wa internshipu Sh70,000 badala ya Sh206,000 za makubaliano ya 2017. Lakini mkienda na desk-mate wako njia mbili tofauti, yeye UoN na wewe Marekani, atakuwa anaandikia wagonjwa dawa wakati wewe bado unasoma. Uyajue hayo ukienda.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina jina la kutetea. Ningekuwa na barua hizo tatu, ningechagua chuo chenye madarasa madogo na mwalimu atakayenijua kiasi cha kuniandikia barua ya maana, hata kama shangazi hajawahi kukisikia. Na ningeangalia kama naweza kuishi na mpango wa pili: PhD za sayansi za tiba kule kwa kawaida hulipiwa, pamoja na posho, na hata mgeni huzipata.

Kabla ya Mei, andikia barua pepe ofisi yao inayoshauri wanaotaka udaktari. Wakikwambia karibu wanafunzi wao wote huingia, uliza wote gani, maana kuna vyuo ambavyo kamati ndiyo huandika barua ya mapendekezo, na aliye na alama dhaifu hushauriwa asiombe, hivyo hahesabiwi. Uliza wanafunzi wangapi wenye viza kama yako walianza, wangapi waliomba, wangapi waliingia, na nani alilipa. Kama chuo kiko pwani ya mashariki, wapigie saa tisa alasiri. Mwezi Aprili hiyo ni saa mbili asubuhi kwao, ofisi ndiyo inafunguliwa.