MILIPUKO YA GAMA: INATOKA WAPI?



Hapa Kasumbalesa, usiku kamio zikipanga mustari, moja ikipasuka pine, sisi wote tunashtuka. Mmoja anasema, «Ni ku barieri.» Mwingine, «Hapana, ni ku soko.» Kusikia tumesikia, lakini wapi? Mtu peke yake hawezi kusema. Lakini watu watatu wakisimama mbalimbali, kila mmoja na saa nzuri, wanaweza kujua. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Aliye karibu anasikia mbele, aliye mbali anasikia nyuma. Wakilinganisha saa zao wanapata mahali.

Wataalamu wa nyota walipata shida hiyo hiyo kwa mlipuko wa mbinguni. Iliwachukua miaka 30.

Habari inaanza na jiwe la kwetu. Uraniamu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, iliingia kwa wingi katika bomu za kwanza za atomu, mwaka 1945. Kisha mataifa makubwa yakaogopana. Mwaka 1963 yakapatana: hakuna kujaribu bomu hewani, chini ya maji wala juu angani. Nani atachunga asiyefuata? Bomu hiyo ikipasuka inatoa miali ya gama, yenye nguvu sana, lakini jicho haliioni. Basi Marekani ikarusha sateliti za Vela, mbili mbili, mbali zaidi ya kilomita 100,000.

Tarehe 2 Julai 1967 Vela zikapokea gama. Kumbe haikuwa na alama za bomu! Sateliti zilizofuata zilikuwa na saa nzuri zaidi, zikapokea milipuko mingine. Miali ya gama inakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo sateliti moja iliipata mbele ya nyingine kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hesabu ile ya pine wakaona: haitoki duniani, haitoki kwa jua. Mwaka 1973 wakatangaza milipuko 16.

Lakini bado hawakujua mahali sawasawa. Bila mahali hakuna umbali, na bila umbali hakuna kujua nguvu. Kibatari karibu na taa kubwa mbali vinaweza kuangaza sawa machoni. Wengine walisema milipuko iko katika galaksi yetu, wengine wakasema iko mbali kupita galaksi zote za jirani.

Juu ya nini hawakutumia telesikopu ya kawaida? Kwanza, gama haipiti hewa yetu, lazima kuitafuta kule juu. Pili, lensi haiwezi kuikusanya. Dawa yake ni kivuli. Tazameni bati lenye matundu: jua likisogea, madoa ya mwangaza yanasogea chini. Ukisoma madoa, unajua jua liko upande gani. Sateliti nayo inabeba kifuniko chenye matundu mengi, na chini yake machini inasoma kivuli.

Italia na Uholanzi zilirusha sateliti ya namna hii, BeppoSAX, tarehe 30 Aprili 1996. Ilizunguka karibu na ikweta, na karibu kila saa moja na nusu ilipita juu ya Malindi, pwani ya Kenya. Antena ya Malindi ndiyo iliyopokea habari zake. Malindi haikuwa mgeni wa kazi hii. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, jukwaa la San Marco lililo baharini pale lilirusha sateliti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za mbinguni. Ikaitwa Uhuru.

Tarehe 28 Februari 1997 BeppoSAX ikapata mlipuko. Habari ikashuka Malindi, ikafika Roma. Baada ya saa 8 hivi sateliti ikageuzwa pale pale, ikakuta eksirei zinafifia kama makaa. Telesikopu ya La Palma nayo ikapiga picha ya mwangaza wake. Mlipuko wa 8 Mei 1997 ukapimwa umbali kutoka Hawaii: safari ya mwangaza ya miaka mabilioni! Basi ubishi ukaisha. Mlipuko kama huo, kwa sekunde chache, unaweza kutoa nguvu kupita jua letu maisha yake yote. Mingi yao ni nyota kubwa zinazoangukia ndani yake. Sateliti ya Swift, ya 2004, ilifundishwa kujigeuza yenyewe kwa dakika moja au mbili, nayo ilishusha habari zake Malindi.

Wenzangu, tusiseme elimu hii ni ya watu wa mbali. Jiwe letu liko mwanzoni mwa habari, na jibu lilishuka pwani ya Afrika. Kinachobaki ni sisi kujua hesabu.

Basi swali kwa kalasi zote: sateliti moja imepokea gama mbele ya nyingine kwa sehemu 1 ya 5 ya sekunde. Ilikuwa karibu zaidi na mlipuko kwa kilomita ngapi? Majibu kwangu kabla ya Jumamosi, na kazi ionekane, si jibu tupu.