Cherehani ya Zamani: Namna ya Kupima Bei Iliyo ya Haki

Malipo ya kahawa yanapowafikia wakulima wa Mbinga, familia nyingi hutenga sehemu ya fedha kwa ajili ya kitu kitakachozalisha kipato hadi msimu ujao. Kwa wengi kitu hicho ni cherehani. Mpya hununuliwa dukani kwa bei inayojulikana. Ya zamani, ile nyeusi ya chuma kizito yenye maandishi ya dhahabu, hutoka nyumbani kwa fundi aliyestaafu, au kwa ndugu wanaogawana mirathi, na bei yake hutajwa na muuzaji peke yake. Hapo ndipo mlaji hupoteza fedha za msimu mzima.

Tume haipangi bei ya cherehani, wala hakuna sheria inayoweka bei hiyo. Tunachoweza kumpa mlaji ni kipimo cha kupimia bei anayotajiwa. Msingi wa kipimo hicho ni huu: cherehani hulipiwa kwa kazi inayoweza kufanya na kwa upatikanaji wa vipuri vyake. Umri wake na jina lake huja baadaye.

Itambue mashine kwanza

Jina la Singer limeandikwa kwenye cherehani nyingi za zamani, lakini maandishi ya dhahabu hubandikwa, na yanaweza kubandikwa upya. Tazama nambari iliyogongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia. Nambari inayotanguliwa na herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, kwa kawaida huonyesha mashine iliyotengenezwa katika kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kuanzia miaka ya 1930. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Kabla ya kufungwa kilitengeneza mashine kwa mamilioni. Kwa hiyo, kuwa ya zamani hakuifanyi cherehani kuwa adimu.

Cherehani za Butterfly zinazotoka China, ambazo mafundi wengi wanazo, zimefuata muundo wa Singer ya namba 15. Ni mashine nzuri, na vipuri vingi vya moja huingia kwenye nyingine. Kosa liko pale ambapo moja inauzwa kwa jina la nyingine ili kupandisha bei.

Uliza habari za bobini

Fungua kibati kilicho chini ya sindano utazame uzi wa chini unakaa wapi. Ukikuta bobini ya duara ndani ya kikasha cha chuma kinachoingizwa kutoka upande wa kushoto, huo ndio muundo wa namba 15, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Ukikuta bobini nyembamba na ndefu ndani ya kichuma chenye umbo la mtumbwi, mashine hiyo ni ya muundo wa kale zaidi. Inaweza kushona vizuri sana, lakini kichuma hicho kikipotea, cherehani nzima itasimama. Kabla ya kukubaliana bei, muulize fundi wa mjini kama vipuri vya aina hiyo anavipata na kwa bei gani.

Ijaribu kwa kitambaa chako

Usitosheke na kitambaa kidogo ambacho muuzaji amekwisha kukiweka kwenye mashine. Nenda na uzi wako, kipande cha khanga, na kipande cha kitambaa kizito cha sare za shule kilichokunjwa mara mbili. Kisha fuata hatua hizi:

1. Zungusha gurudumu la mkono polepole. Lizunguke bila kukwama wala kugonga.
2. Shona mstari mrefu kwenye khanga, kisha kwenye kitambaa kizito. Tazama mishono ya juu na ya chini; ilingane, isiruke, na uzi usijikusanye upande wa chini.
3. Shika chuma kinachobeba sindano ukitikise taratibu. Kikicheza sana, kimelika.
4. Papasa meno yanayovuta kitambaa. Meno yaliyolika hayavuti kitambaa kizito.
5. Kagua mwili wote kama una ufa au alama ya kuchomelewa. Chuma cha cherehani ni cha kalibu, na kikishapasuka matengenezo yake ni magumu.
6. Kama ina meza, kagua kanyagio, mkanda na miguu.

Mashine iliyokwama haifai kukataliwa papo hapo. Mara nyingi mafuta ya zamani yameganda, hasa pale yalipotumika mafuta ya kupikia. Mafuta halisi ya cherehani, yakiwekwa kwa siku kadhaa, huilegeza. Kutu ni jambo jingine. Kutu juu ya gurudumu ni kasoro ya sura, lakini kutu iliyokula vyuma vinavyosuguana ni hasara. Mashine iliyokaa muda mrefu kwenye nyumba yenye unyevu, kama zilivyo baadhi ya nyumba za kando ya Ziwa Nyasa, ikaguliwe kwa uangalifu zaidi.

Fanya hesabu kwenye karatasi

Uliza bei ya cherehani mpya ya kazi hiyohiyo katika maduka mawili au matatu, Mbinga na ikiwezekana Songea. Chukua bei ya chini kabisa. Toa gharama ya matengenezo kama alivyoikadiria fundi asiye na maslahi katika mauzo hayo. Toa nauli ya kuisafirisha. Mwisho toa kiasi fulani kwa sababu mashine ya zamani haina dhamana ya duka. Sehemu moja ya kumi ni makadirio ya kuanzia.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Mpya ni shilingi 400,000. Matengenezo ni 60,000, nauli kutoka Liuli hadi Mbinga ni 15,000, na fidia ya kukosa dhamana ni 40,000. Kinachobaki ni shilingi 285,000. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, na mazungumzo yaanzie chini yake. Muuzaji akitaka zaidi, aonyeshe ni kazi gani mashine yake inafanya ambayo ile mpya haiwezi.

Wapo wanaosema kuwa Wazungu hununua Singer za zamani kwa fedha nyingi. Ni kweli kwa aina chache, kama Singer 221 ndogo ya kubebeka. Zile za kawaida ni nyingi huko kama zilivyo huku, na bei yake si ya kutajirisha mtu.

Uvumi wa zebaki nyekundu

Mwaka 2009 ulienea nchini Saudi Arabia uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu yenye thamani kubwa. Watu walizinunua kwa maelfu ya riyali, na ikadaiwa kuwa simu ya mkononi ikisogezwa karibu na sindano hukata mawasiliano, na kwamba hiyo ndiyo ishara. Hakuna zebaki ndani ya cherehani, na maada inayosimuliwa kwa jina hilo haitambuliwi na sayansi. Anayekuuzia kwa bei kubwa kwa sababu hiyo anakuibia. Vilevile, mtu anayeahidi kuinunua yako kwa mamilioni endapo utatanguliza fedha za kipimo, usimpe hata senti moja; toa taarifa polisi.

Andikianeni

Mauziano yafanyike mbele ya mashahidi, na hati itaje nambari iliyogongwa kwenye mashine, bei, tarehe, kasoro zilizotajwa na majina ya pande zote. Mashine ya mirathi isinunuliwe kwa mrithi mmoja kwa siri. Msimamizi wa mirathi atie saini. Uthibitisho wa uongozi wa kijiji au mtaa husaidia endapo mali itadaiwa kuwa ya wizi. Ukinunua kwa mfanyabiashara, dai risiti.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi wa bidhaa kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, lakini kwa bidhaa uliyoikagua haikulindi dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo, ukague kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au historia ya bidhaa. Ukiuziwa Butterfly kwa jina la Singer, tunza hati, risiti na mashine yenyewe bila kuibadilisha, kisha wasilisha malalamiko yako kwa maandishi. Bila nambari na hati, hata malalamiko ya kweli huwa vigumu kuyathibitisha.