Nguo ya Mchezo ya Mama: Isome Kabla ya Kuikata Matambara

Katika nyumba zetu nguo ya zamani ya mchezo haipewi heshima. Gauni la ndoa tunalitunza, vitenge vya sikukuu tunavikunja vizuri ndani ya valizi. Lakini mayo na kaputula ambazo mama alivaa alipokuwa msichana wa kukimbia na mpira, hizo tunapangusia sakafu. Tena kuna vijana wanaopita sokoni wakitafuta mayo za zamani, wanazinunua kwa franka kidogo na kwenda kuziuza mbali kwa bei kubwa.

Juma hili tunaomba kila mama afungue valizi na kuangalia. Michezo ya wanawake wa nchi yetu imeandikwa kidogo sana. Mara nyingi nguo ndiyo karatasi pekee iliyobaki.

Tunasema hivi kwa sababu ya fuko moja lililoletwa kwenye mkutano wetu. Wadada wawili wa tumbo moja walikuwa wamemaliza kilio cha mama yao, na katika kugawa vitu walikuta mayo ya kijani isiyo na mikono, pamoja na kaputula fupi. Kifuani pameandikwa ZAÏRE, na namba 11 iko mbele na nyuma. Yaya alisema mama yao aliivaa Atlanta, kwenye Michezo ya Olimpiki ya 1996. Mdogo alisema hapana, mama hakuvuka mpaka hata siku moja, aliinunua tu ndani ya baloti. Heri iuzwe na pesa zigawanywe. Tangu siku ile walikuwa hawasalimiani vizuri. Walituomba tuwaamue.

Sisi hatuamui watu, lakini nguo inaweza kuulizwa. Tuliiuliza hivi, na wewe unaweza kufanya vilevile nyumbani.

Kwanza, soma jina na bendera

Nchi yetu iliitwa Zaïre tangu 27 Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Kwa hiyo mayo yenye jina hilo haikushonwa kwa ajili ya ekipe ya 1968 wala ya 2000. Bendera inasaidia pia: ya Zaïre ilikuwa ya kijani, yenye duara la manjano na mkono ulioshika mwenge. Ile ya buluu yenye nyota moja kubwa na nyota sita ndogo kando ilirudi 1997. Ile ya sasa, yenye mstari mwekundu unaokatiza, ni ya 2006. Hapo wadada wetu wote wawili walikuwa bado wanaweza kuwa na haki.

Pili, geuza nguo ndani nje, utafute etiketi

Angalia shingoni, kiunoni na kwenye mshono wa ubavuni. Etiketi ya mayo hii ilikuwa na alama ya Adidas ya majani matatu. Alama hiyo ilianza kutumika 1972. Shika kanuni hii: nguo haiwezi kuwa ya zamani kuliko alama yake iliyo changa zaidi. Lakini kanuni hiyo inafunga mlango wa upande mmoja tu. Majani matatu yanashonwa hadi leo kwenye nguo zinazoiga mtindo wa zamani, kwa hiyo hayatoshi peke yake. Ukiona anwani ya intaneti kwenye etiketi, ujue nguo ni changa, hata kama sura yake ni ya kizee.

Mlango wa upande wa pili ulifungwa na maneno madogo chini ya alama: imetengenezwa Ujerumani ya Magharibi. Nchi mbili za Ujerumani ziliungana tarehe 3 Oktoba 1990. Basi mayo ilishonwa kati ya 1972 na 1990 hivi. Ni kweli kwamba nguo ya 1989 inaweza kuvaliwa 1996, lakini ekipe ya taifa kwenda Olimpiki na mayo ya miaka sita au zaidi si jambo la kawaida. Atlanta ikaanguka.

Tatu, shika kitambaa

Poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka wa 1941, na uzi wa kunyumbuka unaoitwa elastani au Lycra ulitokea Marekani mwaka wa 1958. Kama etiketi inataja elastani, usiseme nguo ni ya kabla ya vita vikuu vya pili. Tazama pia vile vialama vya beseni, pasi na pembetatu. GINETEX, shirika linalovisimamia, liliundwa Paris mwaka wa 1963. Kama etiketi imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome mbali na watoto. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuwa punje ngumu. Zipu na mpira wa kiunoni usiviamini haraka, kwa sababu huenda fundi alivibadilisha.

Nne, hesabu namba na pima kaputula

Kwa miaka mingi, hadi 2014, ekipe za taifa katika mashindano ya FIBA zilivaa namba 4 hadi 15 tu. Namba 11 inakaa vizuri katika baskete. Ingekuwa namba 2, tungefikiri mchezo mwingine. Na kaputula ile ilikuwa fupi, ya kubana, kama zilivyovaliwa miaka ya 1970 na 1980. Katika miaka ya 1990 kaputula za baskete zilirefuka na kupanuka.

Tano, tafuta alama za mtu

Hapa ndipo mdogo mtu alinyamaza. Mabegani mayo ilikuwa imepunguzwa kwa mkono, kwa sindano ndogondogo za kurudi nyuma. Aliishika muda mrefu, kisha akasema huo ni ushonaji wa mama yao, ni yeye aliyemfundisha. Mayo ilikuwa imerekebishwa kwa mwili wa mwanamke mwembamba, na mama yao alinenepa kisha kuzaa. Basi aliivaa akiwa kijana.

Je, alichezea nchi? Nguo haiwezi kusema yote. Hata ekipe ya wanafunzi au ya wanajeshi inaweza kubeba jina la nchi. Lakini tulisoma jambo moja ambalo wasichana wengi wa leo hawalijui: wanawake wa Zaïre walichukua ubingwa wa Afrika wa baskete mwaka wa 1983, tena 1986, tena 1994. Ni njia hiyo iliyowafikisha Atlanta, mahali walipomaliza nafasi ya 12 kati ya ekipe 12. Katika ekipe ile alikuwamo Mwadi Mabika wa Kinshasa, aliyekwenda kucheza Marekani na kuwa bingwa na Los Angeles Sparks mwaka wa 2001 na 2002. Mayo ya kijani ni ya wakati wa wale waliofungua njia kabla yake. Ubingwa mbili za kwanza zilipatikana katika miaka ileile ambayo etiketi inatuonyesha.

Sasa kazi iliyobaki ni ya watu: picha za zamani, kadi ya mchezaji, na wamama waliocheza naye ambao bado wako hai. Wadada wale waliondoka na fuko moja, si mawili. Mayo haijauzwa. Wamekubaliana kuwatafuta wamama hao pamoja, yaya upande wa parokia, mdogo upande wa shule aliyosoma mama.

Kama unayo nguo ya namna hii, usiifue kwa dawa ya kung'arisha, wala usipitishe pasi juu ya maandishi. Osha kwa maji baridi na sabuni kidogo, anika kivulini, funga ndani ya kitambaa safi cha pamba, si mfuko wa plastiki. Usikate etiketi. Andika kwenye karatasi jina la aliyeivaa, mchezo, mahali na mwaka, uiweke pamoja nayo. Na kama mwenyewe bado yuko hai, usingoje kilio. Muulize leo, akiwa ameshika mayo mkononi.

Ileteni kwenye mkutano ujao. Tutaisoma pamoja.