Familia ipi imesamehe?

Mtu aliyemuua ndugu yake wa tumbo moja kwa ugomvi wa shamba anaweza kuhukumiwa kunyongwa hadi kufa. Anaweza pia kutoka mahakamani akaenda zake, kwa sharti tu la kutotenda kosa lingine. Matokeo yote mawili yamo ndani ya sheria za Tanzania, na anayesoma habari hizi gazetini ana haki ya kuuliza jaji amepima kwa mizani gani. Kupima kwenyewe kwa sehemu kubwa kunakuwa kumeshafanyika kabla adhabu haijatajwa, pale kosa linapopewa jina.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 196, inasema anayesababisha kifo cha mwenzake kwa kitendo kisicho halali, akiwa na nia ovu, ameua kwa kukusudia. Kifungu kinachofuata kinataja adhabu moja tu, kifo, na jaji hana ruhusa ya kupunguza hata siku. Ni kweli Tanzania haijamnyonga mtu tangu miaka ya 1990, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitamka Novemba 2019 kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Kifungu chenyewe hakikufutika kwa uamuzi huo. Nia ovu ikikosekana, kosa linakuwa kuua bila kukusudia. Hapo kifungo cha maisha ndicho kilele, na chini yake jaji ana uwanja mpana.

Sasa nia ya mtu inaonekanaje? Mahakama ya Rufani, ikiketi Mbeya katika miaka ya 1990, ilitaja dalili ambazo mawakili wetu wamezikariri kama dua: silaha iliyotumika na ukubwa wake, nguvu ya pigo, idadi ya mapigo, sehemu ya mwili iliyolengwa, maneno ya muuaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Mahakama hiyohiyo ilishasema pia kwamba kifo kilichotokana na watu kupigana kwa kawaida huangukia kwenye kuua bila kukusudia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaka mkubwa ameuza kipande cha shamba la marehemu baba yao bila kumshirikisha mdogo wake. Jioni wanakutana kilabuni, wanatukanana, wanashikana mashati. Mdogo anang'oa mti wa uzio, anampiga kaka yake kichwani mara moja, kisha anaanza kulia na kutafuta bodaboda ya kumkimbiza zahanati. Jaji akisikia hivyo ataona ghadhabu na ugomvi. Lakini kama baada ya kushikana mashati mdogo aliondoka, akaenda kwake, akalichukua panga chini ya kitanda na kurudi nalo, shamba ni lilelile, matusi ni yaleyale, ila ile safari ya kwenda nyumbani na kurudi inaweza kumfikisha kwenye kitanzi. Sheria humhurumia aliyechokozwa akatenda papo hapo, kabla hasira haijapoa.

Kipimo cha uchokozi nacho kinastahili kutazamwa. Kifungu cha 202 kinamwangalia mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa, na kinahesabu hata tusi alilotupiwa mzazi wake, mtoto wake, mwenzi wake au ndugu yake mbele yake. Tusi la mama likitoka kwa mtoto wa mama huyohuyo linapimwaje? Sheria haikusema, na mimi ningependa kusikia majaji wakibishana juu ya hilo.

Ushahidi ndio unaoyumba. Majirani wameusikia tangu utotoni ule usemi wa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na kweli wengi huwa walikwenda kulima: hakuna aliyeona. Anabaki mama. Mke wa mshtakiwa kwa kawaida halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, lakini mama hana kinga hiyo. Anaitwa kizimbani kueleza jinsi mtoto mmoja alivyomuua mwingine, na si ajabu akasahau kila kitu. Hapo upande wa Jamhuri hutazama faili lake, mshtakiwa ambaye amekaa mahabusu miaka bila dhamana anakubali kukiri kosa dogo, na shtaka linapunguzwa.

Baada ya hapo ndipo adhabu inapoanza kuzungumzwa. Mwongozo wa utoaji adhabu wa 2023 unagawa kuua bila kukusudia katika ngazi tatu: ya juu, miaka 10 hadi maisha, ya kati, miaka minne hadi 10, ya chini, kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi miaka minne. Wakili wa utetezi anasimama na orodha yake. Mteja ni mkosaji wa mara ya kwanza, amekiri, ameshakaa mahabusu, ana watoto. Kisha anamalizia kwa hoja aliyoiweka akiba: familia imesamehe.

Ipi? Familia haina uwezo wa kufuta kesi ya mauaji, maana mlalamikaji ni Jamhuri, lakini msamaha wake una uzito kwenye adhabu. Kule Kenya mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kulipana fidia kwa mila zao. Hata anayepinga uamuzi ule atakiri kwamba kulikuwa na pande mbili, mali ikatoka boma moja ikaingia boma lingine. Ndugu anapomuua ndugu, anayelipa na anayelipwa ni ukoo mmoja. Wazee wanaoketi kusamehe ni baba zake wadogo mshtakiwa, na wana kila sababu ya kumtaka arudi, kwa kuwa wameshapoteza mmoja.

Asiyeketi pale ni mjane. Yeye alikuja kwa ndoa, ana watoto wa marehemu, na analima shamba lilelile lililozua ugomvi. Sheria ya urithi ya Kenya inamnyima aliyeua kwa kukusudia sehemu yoyote ya mali ya aliyemuua, kwa hiyo huko kushushwa kwa shtaka kunaweza kugusa hata ardhi. Kenya pia inaruhusu athari kwa waathirika zielezwe mbele ya jaji kabla ya adhabu. Kwetu mahakama inaweza kupokea ushahidi ili ijue adhabu inayofaa, ila nafasi hiyo hutumiwa zaidi kumsikiliza mshtakiwa.

Nionavyo, msamaha wa ukoo usipunguze adhabu mpaka mjane aulizwe, peke yake, bila shemeji zake kuwa karibu. Aulizwe kama bado anakaa kwenye kiwanja kile, nani anavuna shamba sasa, na mshtakiwa akiachiwa atalala nyumba ipi. Akijibu kwamba nyumba zenyewe zinatazamana mlango kwa mlango, jaji anayefikiria kumwachia mtu huyo kwa masharti atajua sharti la kwanza la kuandika.