Uzito wa Mwili na Hatua ya Kwanza

Kuanza kutembea ni kazi ngumu kuliko kuendelea kutembea, kwa sababu aliyesimama wima hana budi kuuvuruga kwanza utulivu wake mwenyewe ndipo asonge mbele. Kabla unyayo haujanyanyuka, msuli wa shavu la mguu hulegea, ule wa mbele ya muundi hukaza, na shinikizo la nyayo juu ya ardhi hurudi nyuma, kuelekea visigino na upande wa mguu utakaonyanyuliwa. Hapo ndipo kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa mwili hujilinganisha, huelekea mbele na juu ya mguu utakaobaki chini. Yote hayo hutimia kwa muda usiozidi sekunde moja.

Kwa mwenye unene uliokithiri, ambao Shirika la Afya Duniani huupima kwa kugawanya kilo za mtu kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, na kuuhesabu kuanzia 30 (mtu wa mita 1.60 huufikia akiwa na kilo 77), maandalizi hayo huwa mazito. Mafuta ya tumboni huvuta kitovu cha uzito mbele, karibu zaidi na vidole, hata vifundo vya miguu vikalazimika kukaza zaidi, na kuuhamishia mwili mzima juu ya mguu mmoja hudai nguvu kubwa. Ndiyo maana wengi wao hupiga hatua fupi, za polepole, miguu ikiwa imetanuka, na kuwaita wavivu ni kuwaonea, maana mwili hapo unajilinda usianguke.

Mjini Kindu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mto Lualaba huitenga komuni ya Alunguli na ile ya Kasuku, na watu wengi huvuka kwa mitumbwi, ugumu huo huonekana wazi gatini, hasa mvua inapogeuza udongo kuwa utelezi. Hatua ya kwanza huangukia chombo kinachoyumba, ambacho husukumwa mbali na ukingo mguu wa pili ukiwa bado ardhini, na mwili mzito ukishaanza kwenda upande ni vigumu kuurudisha.

Habari njema ni kwamba hali hii hubadilika: utafiti uliofanywa Quebec, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wanaume wanene waliopunguza uzito walisimama kwa uthabiti zaidi. Wakati huohuo, anayemsaidia mtu wa namna hiyo kupanda mtumbwi amshike mkono kabla hajanyanyua mguu, wala asingoje ayumbe.