Jina Lako Kwenye Viza: Kujiandaa kwa Safari ya Vietnam

Tangu mimi na mwenzangu wa darasa tuseme kwamba tunaweka akiba ya kwenda Vietnam, swali tunaloulizwa kila siku hapa kitivoni ni moja: “Viza mtaitoa wapi?” Wengi wanaamini kwamba nchi ya mbali namna hiyo inadai kwanza ubalozi, barua ya mwaliko na mtu wa kusukuma faili. Nimeyasoma masharti hayo moja baada ya jingine, na nataka kuyaeleza kwa utaratibu. Pesa yetu ni ya likelemba ya miaka miwili. Ikipotea kwa sababu ya herufi moja, hakuna nyingine.

Kwanza, kwa nini Vietnam? Sisi ni wanafunzi wa lugha. Nchi hiyo ilitawaliwa na Wafaransa, na Kifaransa kiliacha humo maneno yaliyovaa nguo za wenyeji: kituo cha treni ni “ga”, kutoka “gare”, sabuni ni “xà phòng”, kutoka “savon”, mwanasesere ni “búp bê”, kutoka “poupée”. Sisi tunaosema “biro” tunaielewa kazi hiyo bila mwalimu. Kivietnamu huandikwa kwa herufi za Kilatini, na kamusi maarufu ya Alexandre de Rhodes ilichapwa Roma mwaka 1651. Tena ni lugha ya toni: kaskazini, karibu na Hanoi, zipo sita. Neno “ma” laweza kuwa mzimu, na likibadilishwa toni likawa farasi, kaburi au mche wa mpunga. Anayejua Kilingala, ambamo toni peke yake hutenganisha “kuandika” na “kufika”, hataona ajabu. Nchi zetu mbili pia zimo katika jumuiya ya Francophonie: Hanoi ilipokea mkutano wake mkuu mwaka 1997, Kinshasa mwaka 2012.

Sasa viza. Tangu tarehe 15 Agosti 2023, Vietnam inatoa viza ya kielektroniki kwa raia wa nchi zote, na Mkongomani yumo. Viza hiyo inaweza kufikia siku 90. Ada ni dola 25 kwa kuingia mara moja, na dola 50 kwa kuingia mara nyingi. Ombi likikataliwa, ada hairudi. Unahitaji pasipoti iliyobakiza angalau miezi 6, picha safi ya ukurasa wake wenye maelezo yako, picha ya uso wako bila miwani, anwani ya mahali utakapolala, na mpaka au uwanja wa ndege utakaoingilia. Malipo hufanywa kwa kadi ya benki. Asiye nayo amtafute ndugu wa kuaminika mwenye kadi kabla ya kuanza kujaza.

Ombi hupelekwa kwenye tovuti ya serikali ya Vietnam, ambayo anwani yake huishia na gov.vn. Tovuti nyingine nyingi zinafanana nayo kwa rangi na bendera, lakini ni za wafanyabiashara wanaoongeza bei yao juu ya ada. Kwa hiyo soma mwisho wa anwani kabla ya kusoma kitu kingine.

Jambo la kuangaliwa zaidi kwa Mkongomani ni jina. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya kurudia uasilia, Mobutu aliondoa majina ya Kikristo, na watu wakachukua majina ya mababu badala yake. Baadaye majina ya Kikristo yalirudi, ila lile la pili halikuondoka. Ndiyo sababu wengi wetu tuna majina matatu: la kwanza, la pili tunaloliita postinomu, na la ubatizo. Fomu ya Vietnam haina nafasi tatu. Inauliza jina la ukoo na jina la mtu binafsi, basi. Postinomu iende wapi?

Usijibu kwa desturi ya nyumbani wala kwa diploma yako. Jibu limo ndani ya pasipoti yenyewe. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi kubwa ambayo mashine huisoma. Wa kwanza huanza na P, kisha huja COD, na COD ni nchi yetu. Yote yanayofuata mpaka kwenye alama mbili zilizoshikana, <<, ni jina la ukoo. Yanayokuja baada yake ni majina binafsi. Alama moja, <, ni nafasi tu kati ya neno na neno.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mtu anaitwa Kabamba Mwansa Désiré. Mstari ukiwa KABAMBA<MWANSA<<DESIRE, jina la ukoo ni Kabamba Mwansa. Ukiwa KABAMBA<<MWANSA<DESIRE, jina la ukoo ni Kabamba peke yake. Mtu ni mmoja, lakini maombi ni mawili tofauti. Angalia pia kwamba alama ya juu ya “é” haimo katika mstari huo. Jaza fomu kama mstari unavyosema, kisha ununue tiketi ya ndege kwa majina hayohayo. Viza ikikataa kulingana na pasipoti, mfanyakazi wa ndege ana haki ya kukurudisha nyumbani hata kabla hujapanda.

Wavietnamu wenyewe wangetuelewa. Kwao pia jina la ukoo hutangulia, la kati hufuata, na la mtu binafsi huja mwisho. Jenerali Võ Nguyên Giáp, aliyewashinda Wafaransa huko Điện Biên Phủ mwaka 1954, huitwa Giáp, si Võ.

Baada ya jina, utaratibu. Sisi tumekubaliana hivi: pasipoti, chanjo, viza, halafu tiketi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na sasa hudumu maisha yote. Usikidharau: nchi utakazopitia zinaweza kukidai kwa sababu unatoka Congo, na Congo yenyewe inakidai unaporudi.

Kuhusu tiketi, chukua moja itakayokufikisha hadi mwisho. Ukinunua mbili mbalimbali ili kupunguza bei, unaweza kulazimika kutoka nje ya uwanja katikati ya njia, uchukue mizigo yako na kuisajili upya. Hapo umeingia nchi ya tatu, nayo inaweza kukudai viza yake.

Kalenda nayo ina maneno yake. Viza huchukua kwa kawaida siku 3 za kazi, lakini siku za kazi si siku zote. Wakati wa Tết, mwaka mpya wao unaoangukia mwisho wa Januari au Februari, ofisi hufungwa na usafiri hujaa. Tarehe 30 Aprili, 1 Mei na 2 Septemba ni sikukuu pia. Sisi tutaomba mwezi mmoja kabla. Kumbuka pia kwamba viza ina tarehe ya kuanza: ukifika siku moja kabla yake, mlango bado umefungwa. Na nguo? Hanoi ina baridi ya kweli kuanzia Desemba hadi Februari. Kusini, kwenye Jiji la Ho Chi Minh, ni joto mwaka mzima, na mvua hunyesha tangu Mei hadi Novemba. Miji hiyo miwili imeunganishwa na reli ya kilomita 1,726 iliyomalizika mwaka 1936, na safari yake huzidi saa 30.

Ukifika, mwenye hoteli atakuandikisha kwa polisi. Ni sheria, usiogope akiomba pasipoti. Ukilala kwa rafiki, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kutoa taarifa, basi mkumbushe kwa heshima. Viza ya utalii si ruhusa ya kazi: wakikuomba ufundishe Kifaransa kwa malipo, kataa. Na siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye viza ni siku ya kuwa umekwisha kutoka. Anayepitiliza hulipa faini.

Kwa hiyo hatuhitaji mtu wa kusukuma faili. Tunahitaji kusoma polepole, na kusoma ndiyo kazi tuliyoijia hapa kitivoni. Anayefikiria safari kama hii aanze leo jioni: afungue pasipoti yake, atafute zile alama mbili zilizoshikana, na aandike kwenye karatasi jina lake upande huu na upande ule. Ambaye hana pasipoti, siku ya kuiomba asome kila herufi kabla ya kutia sahihi.