Kumhama Muuzaji wa Umeme: Nafuu ya Kweli au Msala Upitao?

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Wao hao ndio walionena kwamba mtembea bure si mkaa bure. Mkinzano wa methali hizi mbili unajitokeza bayana katika soko la umeme na gesi nchini Uingereza, ambako mwenye nyumba ana hiari ya kumhama muuzaji mmoja na kumwendea mwingine. Makala haya yanadhamiria kuchunguza iwapo kuhama huko humpunguzia mtu gharama kwa hakika.

Soko la gesi ya nyumbani lilifunguliwa kwa wateja wote mwaka wa 1998, na la umeme mwaka wa 1999. Ifahamike kwamba anayehama habadilishiwi nyaya wala mabomba. Kinachobadilika ni anayemwandikia ankara. Gharama za mitandao hiyo pamoja na kodi humfuata mteja kokote aendako. Ushindani basi umo katika sehemu tu ya ankara: namna muuzaji anavyonunua kawi kwa jumla, gharama zake za uendeshaji na faida yake.

Hata hivyo, sehemu hiyo si haba. Mnamo 2016, mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilibaini kwamba takriban asilimia 70 ya wateja wa kampuni sita kubwa walikuwa wangali wakitozwa bei ya kawaida, ilhali wangeweza kuokoa zaidi ya pauni 300 kwa mwaka. Aidha, wenye kipato cha chini, wapangaji na wazee wa zaidi ya miaka 65 ndio waliohama kwa nadra zaidi. Almuradi, aliyehitaji nafuu zaidi ndiye aliyeikosa.

Ili kuwakinga wateja wa aina hiyo, kikomo cha bei kilianza kutumika Januari 2019. Kikomo hicho hubana bei ya kila uniti na tozo ya kila siku, wala si jumla ya ankara. Kisha mwaka wa 2021 bei ya gesi ya jumla ilipaa, na takriban wauzaji 30 wakafilisika. Wateja wao hawakukatiwa umeme, bali walihamishiwa kampuni nyingine, na gharama za mporomoko huo zikagawiwa wateja wote. Katika kipindi hicho, bei nafuu za kuhamia zilitoweka, na aliyesalia chini ya kikomo akawa ndiye mwerevu.

Jambo jingine ni hesabu yenyewe. Chukulia kwamba muuzaji wa kwanza anatoza peni 60 kwa siku na peni 24 kwa uniti, naye wa pili anatoza peni 40 kwa siku na peni 27 kwa uniti. Ajuza anayeishi peke yake na kutumia uniti 1,500 kwa mwaka atalipa pauni 579 kwa wa kwanza na pauni 551 kwa wa pili. Familia inayotumia uniti 3,500 italipa pauni 1,059 kwa wa kwanza na pauni 1,091 kwa wa pili. Nafuu ya mmoja ni hasara ya mwingine. Isitoshe, mikataba ya bei isiyobadilika aghalabu huwa na faini kwa anayejitoa kabla ya muda kwisha.

Nchini Kenya, Sheria ya Kawi ya 2019 iliweka msingi wa kuwapo kwa wauzaji zaidi wa umeme, ingawa nyumba nyingi zingali zinamtegemea muuzaji mmoja. Iwapo hiari hiyo itawafikia Wakenya, funzo la Uingereza litawafaa: kuhama huokoa fedha kwa anayejua matumizi yake ya mwaka mzima, akalinganisha tozo ya siku na bei ya uniti, na kusoma masharti ya kujitoa. Asiyefanya hivyo, msala umempita na mbachao keshauacha.